Mkwe Wangu Amefungia Vyumba vya Kiendeshi

Mulobela, njia ya Wamaza
Ijumaa asubuhi

Kwa Injinia Falonne, mke wa mwanangu Blaise, Kasongo
Kwa mkono wa dada yangu mkubwa, Mama Odile

YAHUSU: Kufungiwa nje ya kiendeshi cha umeme, mimi, Rais wa Kamati ya Umeme

Mkwe wangu mheshimiwa,

Ninakusalimu kwa mbali, kama inavyotakiwa. Unajua kwamba katika ukoo wetu baba mkwe hasemi uso kwa uso na mke wa mwanawe mpaka atakapompakata mjukuu, na wewe na Blaise bado mnasema mna masomo. Kukupigia simu nimeona ni sawa na kukuangalia usoni, tena ni vibaya zaidi, maana sauti inaingia mpaka ndani ya sikio. Ndiyo maana ninaandika, na ndiyo maana barua hii inapita kwa dada yangu, Yaya Odile, ambaye tangu siku ya harusi yenu ni mdomo wangu kwako na mdomo wako kwangu. Ataisoma yeye kwanza. Ukiona mahali mstari umefutwa kwa kalamu nyekundu, ujue si mimi.

Mimi si mtu wa kulalamika. Shirika la misaada lilipotuletea paneli za jua na kujenga ile nyumba ya betri, nilichaguliwa rais wa kamati bila mpinzani, kwa sababu mpinzani, yule Kamaldine mwenye nyumba ya video, siku hiyo alikuwa amekwenda Salamabila. Na shirika lilipokupa wewe kazi ya kutunza programu ya kompyuta yetu ukiwa huko Kasongo, mimi ndiye niliyekusifu wa kwanza. Niliwaambia watu kwamba umeme wa Mulobela uko mikononi mwa mkwe wangu. Nilisema kwa namna ambayo kila mtu alielewa kuwa uko mikononi mwangu.

Sasa nalazimika kueleza jambo lenyewe tangu mwanzo, si kwa ajili yako unayelijua, bali kwa sababu nakala ya barua hii nitaibandika ukutani mwa baa yangu, Tulia Kwanza, na wateja hawapendi kusoma kitu wasichokielewa.

Katika nyumba ya betri kuna kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo haijui kusema na mashine inayogawa umeme. Anayesema kwa niaba yake ni programu inayoitwa kiendeshi. Ndani ya kiendeshi kuna safu ya vyumba vidogo, na kila chumba kinashika namba moja. Chumba cha kwanza kilikuwa hali ya betri. Cha pili kilikuwa zamu ya chumba cha kuzalia, pale kituo cha afya. Cha tatu, zamu ya baa yangu. Cha nne, zamu ya video ya Kamaldine. Jua likizama na betri ikianza kuchoka, mwenye namba kubwa anabaki na umeme, mwenye namba ndogo anakatiwa.

Vyumba hivyo havikuwa na milango, na tuliishi vizuri. Gédéon, mlinzi wa nyumba ya betri, ambaye ni baba wa familia na mtu mwenye adabu, alinitengenezea flashi. Kila Jumapili ninampa, anaichomeka kwenye kompyuta, na flashi inakwenda moja kwa moja mpaka chumba cha tatu na kuandika namba kubwa. Ikiwa njiani kurudi, inapita chumba cha nne na kuandika sifuri. Hiyo ya pili ilikuwa kwa ajili ya usalama tu. Kamaldine naye alikuwa na flashi yake, iliyomwandikia yeye namba kubwa na kuniandikia mimi sifuri, jambo linaloonyesha ubaya wa moyo wake. Aliyechomeka wa mwisho ndiye aliyeshinda, kama katika uchaguzi.

Chumba cha pili hatukukigusa, na Mungu ni shahidi. Ni kweli kwamba namba zetu zilikuwa kubwa kuliko ile ya kuzalia, lakini watoto wengi wanazaliwa mchana.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Umehamisha vyumba bila kuaga.

Shirika lilipoleta friji ya chanjo, friji ilihitaji chumba chake. Wewe, badala ya kukiweka mwisho wa safu, mahali wageni wanapokaa, ulikiweka cha pili, karibu na betri. Wote waliokuwa nyuma wakasogea hatua moja. Kuzalia kukawa cha tatu, baa yangu ikawa cha nne, Kamaldine akaenda cha tano. Flashi hazikuambiwa. Flashi hazijui majina, zinajua kuhesabu tu.

Jumapili iliyofuata nilichomeka ya kwangu. Ilikwenda chumba cha nne kumwandikia Kamaldine sifuri kama kawaida, na humo chumba cha nne nilikuwemo mimi. Baa ikazimika katikati ya wimbo. Nilijizima mwenyewe, kwa flashi yangu mwenyewe, mbele ya wageni kutoka Kabambare, na Kamaldine alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kuchomeka ya kwake, iliyokuwa na kazi ya kuniandikia sifuri mimi wa chumba cha tatu. Humo chumba cha tatu kulikuwa na kuzalia.

Kidogo tu akaingia mkunga, Dieudonnée, glovu zikiwa bado mikononi, akasimama katikati ya baa yangu. Hakupiga kelele. Alisema: «Mwanamuke iko anazaa na taa imekufa. Nani kati yenu atakuja kumuambia mutoto angoje?»

Mtoto alizaliwa kwa mwanga wa simu, salama kabisa, na mpaka leo wanamwita Tochi. Mimi binafsi nilimpelekea mama yake soda. Sasa nakuuliza, kosa ni la nani? Mtu akihamisha kitanda cha mtoto gizani bila kusema, na babu akaja kukaa mahali anapokaa siku zote, je, babu ashtakiwe? Nilitegemea barua ya kuomba radhi kutoka kwako. Sikuipata.

2. Dawa yako ni kali kuliko ugonjwa.

Jambo rahisi lilikuwa kurudisha vyumba mahali pake na kuipeleka friji nyuma. Chanjo haina haraka, inakaa tu ndani ya baridi. Wewe ulichagua njia nyingine. Umevichukua vyumba vyote, hata kile cha hali ya betri, ukavifungia ndani kabisa ya kiendeshi, hata majina yake hayaonekani tena kwa mtu aliye nje. Hakuna anayejua kama baa yangu sasa ni chumba cha nne au cha arobaini. Umeacha mlango mmoja tu, na mlango huo umeuita omba_zamu.

Gédéon alichomeka flashi yangu. Kompyuta ikajibu kwamba haijui chumba chochote cha tatu. Mkwe wangu, mimi nimejulikana katika chumba cha tatu tangu paneli zilipofika. Ni kama kwenda kwenye shamba lako na shamba likuulize wewe ni mtoto wa nani.

Nilipomtuma Yaya Odile kukuuliza, aliniletea maneno yako haya, na amekataa kuyapunguza: «Muambie baba, mambo ya ndani ya kiendeshi ni ya kiendeshi. Kesho naweza kuhamisha vyumba vyote na hakuna mutu atajikwaa, kwa sababu hakuna mutu anavishika na mukono. Aombe kwa mulango, sawa na wengine.»

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo nimeisamehe, kwa sababu sikuielewa vizuri. Lakini «sawa na wengine» nimeielewa sana, na imeniuma.

3. Mlango wenyewe hauna malezi.

Unauliza maswali. Unataka kujua ni laini ipi, umeme kiasi gani, mpaka saa ngapi. Ukishajibiwa unakwenda ndani, unaangalia betri, unaangalia nani mwingine anangoja, kisha unarudi na neno moja. Mara ya kwanza nilipoomba, neno hilo lilikuwa hapana. Halikufuatwa na samahani wala na Rais. Nilimuuliza Gédéon pembeni, kwa sauti ya chini, mlango huu unakunywa nini. Akanijibu kwamba haunywi. Nilimuuliza tena kama una ndugu hapa karibu, mtu tunayeweza kupitia. Akasema ndugu yake ni wewe, na kwamba wewe umekwishajibu.

Ubaya zaidi ni kwamba Kamaldine alipoomba baada yangu alijibiwa hapana ileile. Hata herufi moja haikuzidi. Ningependa mimi nikataliwe kwa heshima kidogo na yeye akataliwe kwa dharau kidogo, ili tofauti ionekane. Mwanamke mmoja anayesaga muhogo sokoni aliomba saa sita mchana, wakati betri imejaa, akapewa ndiyo. Sasa anapita mbele ya baa yangu akinisalimu kama mtu wa rika lake.

Na hapa ninakuomba ufikiri kama raia, si kama injinia tu. Fikiria siku mlango huu utakapojulikana nje ya Mulobela. Mimi nikifika kwenye ofisi kule Kasongo sipangi foleni. Ninazunguka nyuma, ninamsalimia karani kwa jina la mtoto wake, ninaingia. Kwenye kizuizi cha barabarani wananijua kwa mlio wa pikipiki, na kamba inashushwa kabla sijafika. Kitambulisho changu cha mpiga kura kilitoka kabla ya kupigwa picha; picha tulipiga baadaye, tukiwa tumetulia. Hivyo ndivyo nchi inavyotembea. Kila kitu kina chumba cha ndani, na kila mtu mzima anamjua aliye na mkono mrefu wa kufika humo. Sasa kila ofisi ikijifunza kwa kiendeshi chako, na kuwa na dirisha moja linalouliza kila mtu swali moja na kutoa jibu kwa kuangalia kilichopo, sisi tutafanya nini? Mimi, mkwe wangu, sina diploma. Kazi yangu kubwa hapa duniani ni kujuana na watu. Umeandika mistari michache ya programu na umenifanya mtu asiye na kazi.

4. (Lalamiko hili limeondolewa. Lilihusu mama yako. Yaya Odile anasema si kweli, na kwamba hata kama ingekuwa kweli halihusiani na umeme.)

5. Nimefananishwa na mimi mwenyewe.

Yaya Odile, ambaye nilidhani yuko upande wangu, jana alikuja kukaa kwenye baa. Alitazama dirisha ambalo mke wangu Mado anauzia. Akaniuliza kwa nini wateja hawaingii stoo kuchukua chupa wenyewe. Nilimjibu jambo ambalo hata mtoto analijua: kila mtu akiingia na mkono wake, chupa zitavunjika, kreti zitachanganyika, na mwisho hatutajua nani amekunywa nini. Mteja anaomba dirishani, Mado anaangalia kilichopo, anampa au anamwambia imekwisha. Na tukitaka kupanga upya stoo, tunapanga, mteja hana habari. Nilieleza vizuri sana, nikasikia raha ya kueleza. Yaya Odile aliendelea kunitazama, na mimi sikupenda jinsi alivyonitazama.

Akaongeza kwamba hata barua hii haiendi kwako moja kwa moja, inapita kwake, na yeye anaangalia kinachofaa kupita. Nikamwambia hiyo ni mila, na mila ina sababu. Baba mkwe akizoea kuingia kwenye mambo ya mke wa mwanawe bila mtu wa katikati, ataona ambayo hakupaswa kuyaona, atashika ambayo hakupaswa kuyashika, na ndoa itaharibika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Lakini wewe ni mtu na una haya. Chumba cha tatu hakina haya. Na bia ni yangu, kwa hiyo ninaifungia. Umeme ni wa wote, kwa hiyo kila mkubwa ana haki ya kuufikia kwa mkono wake. Sioni ugumu uko wapi.

Najua ninyi wasomi mtaniambia kwamba hata Mungu aliufungia moyo ndani ya mbavu na hakutuachia mpini wa kuuendesha. Nimelifikiri hilo usiku na mchana. Jibu langu ni kwamba Mungu hakunishauri, na kama angeniuliza, mimi kwa umri wangu ningeomba niachiwe angalau kidirisha kidogo upande wa kushoto.

6. Jambo lenyewe la haraka.

Yote niliyoyasema ningeweza kuyameza. Hili siwezi.

Binti yangu Elsa, kitinda mimba wangu, wifi yako, ameletwa nyumbani kutoka kwa mume wake ili mtoto wake wa kwanza azaliwe kwetu, kama tunavyofanya siku zote. Amefika akiwa mzito, mzuri, amevimba miguu, anacheka. Huyu mtoto nampenda kuliko ninavyopaswa kusema, na ndugu zake wanalijua. Jumapili hii ninamfanyia karamu ya kumpokea. Wakwe zake wanakuja wote. Wapiga gitaa wanatoka Wamaza na spika zao. Mbuzi ameshachaguliwa. Nataka Elsa akae kwenye kiti chenye mito, na muziki upigwe mpaka watu wachoke wao, si betri.

Nilimtuma Gédéon kuomba zamu kwa mlango wako, kwa adabu, sawa na wengine. Mlango umejibu kwamba baa itapewa umeme mpaka jua kuzama, basi. Nikauliza kwa nini. Mlango ukasema kuna anayengoja upande wa kuzalia, na umeme wa jioni umewekwa kwa ajili yake.

Nikamuuliza Gédéon ni nani huyo anayengoja. Akasema mlango hautaji jina, unasema tu kwamba yupo. Dieudonnée ndiye aliyeomba, na kiendeshi hakitoi mambo ya ndani. Nikamwambia yeye ni binadamu, si kiendeshi, aseme. Akatazama viatu vyake.

Kwa hiyo, mkwe wangu, hali ni hii. Kuna mwanamke mmoja, simjui, hakuna anayetaka kunitajia jina lake, ambaye huenda atajifungua Jumapili na huenda hatajifungua. Na kwa sababu ya huyo, karamu ya binti yangu inakufa jua likizama, mbele ya wakwe. Enzi ya chumba cha tatu ningemaliza jambo hili kwa flashi, na huyo mama angeletewa taa ya mafuta, na pia soda.

Kutokana na hayo yote, ninaomba mambo yafuatayo kabla ya Jumapili:

(a) Vyumba vitolewe nje ya kiendeshi na kurudishwa mahali vilipokuwa, vionekane, vishikike.

(b) Kama (a) haiwezekani, niandikiwe mlango wa pembeni, uitwe mlango_wa_baba_mkwe, usioniuliza swali lolote na usiojua kusema hapana. Unaweza kuuficha. Sijakataa kuficha, nimekataa kufichwa mimi.

(c) Kamaldine asiambiwe kuhusu (b).

(d) Huyo mwanamke anayengoja ashauriwe kuzaa mchana.

Nisipopata jibu, nitaitisha kamati, na kamati ni mimi. Nitaliandikia shirika. Nitamwandikia Blaise, mwanangu, nimuulize ni nani anayeendesha nyumba yenu, ingawa jibu nimeshalijua na yeye pia ameshalijua.

Uwasalimie hapo Kasongo wote wanaonikumbuka: Blaise wako, jirani zenu wa kulia, jirani zenu wa kushoto kama wamerudisha sufuria ya Mado, na mama yako, ambaye sina neno baya juu yake. Mado anakusalimu. Elsa anakusalimu sana, anasema umletee zile biskuti za ganda la bluu. Mbuzi angekusalimu, lakini ana shughuli Jumapili.

Mimi niliyebaki nje ya mlango wako, na sijazoea kukaa nje,

Baba mkwe wako,
Antoine Mulenda
Rais wa Kamati ya Umeme, Mulobela
Mwenye Baa Tulia Kwanza

P.S. Jumanne. Barua bado iko hapa. Mvua ya Ijumaa ilibeba magogo ya daraja, hakuna pikipiki iliyopita mpaka leo. Dereva yuko nje anangoja, na Yaya Odile anasema hataipeleka barua mpaka niongeze habari za Jumapili kwa mkono wangu mwenyewe. Amesimama nyuma yangu na ile kalamu nyekundu.

Karamu ilianza vizuri. Jua lilipozama mlango wako ulinikatia, kama ulivyosema, na spika zikanyamaza mbele ya wakwe. Nilimshika Gédéon mkono, nikampeleka nyumba ya betri, nikamwambia avunje cha kuvunja, afike ndani kwa njia yoyote, mimi ndiye ninayeamuru. Alijaribu kweli, nilimwona anatoka jasho. Mwishoni akaniambia: «Président, hakuna pa kushika.» Nilimtukana, halafu nikakutukana wewe, na hayo Yaya Odile ameniruhusu kuyaandika.

Nikarudi kwenye karamu nimejaa hasira. Watu walikuwa wamekaa gizani, kimya, wapiga gitaa na magitaa yao magotini. Kiti chenye mito kilikuwa kitupu. Mado pia hakuwepo. Nikadhani wamekwenda kupumzika ndani. Kule ng'ambo ya barabara dirisha moja tu lilikuwa na mwanga, la chumba cha kuzalia, na kwa sababu hapakuwa na muziki wowote, sote tulisikia mtoto analia.

Aliyekuwa anangoja ni Elsa. Dieudonnée alikuwa ameomba zamu hiyo tangu siku alipompima, na Elsa mwenyewe alikataza nisiambiwe, kwa kuwa aliniona jinsi nilivyofurahia karamu. Mtoto alikuja na kitovu kimezunguka shingo. Nilimuuliza Dieudonnée ilikuwaje, akanawa mikono kwanza, ndipo akasema: «Ningekuwa na mwanga wa simu, ile kamba singeiona.» Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Ni msichana. Wote wawili wazima.

Barua sitaibadilisha, kwa sababu niliiandika vizuri na nakala yake imeshabandikwa. Lakini hayo niliyoomba, usiyafanye hata moja. Leo asubuhi Kamaldine alikuja kunipongeza, na baada ya pongezi akaniuliza kama mimi, kwa undugu wetu na wewe, siwezi kumpatia kaupenyo kadogo. Nilimwambia aombe kwa mlango.

Na mimi nitakuandikia tena, Falonne. Krismasi inakuja, najijua, nitakuwa nimeshasahau, nitakuja na maneno mazuri kuliko haya, nitataja damu na mila na umri wangu. Usinifungulie.